Bolti za Ijumaa

Bolti ilikatika yenyewe, na hakuna mtu aliyeigusa.

"Hebu rudia, mwalimu," alisema Inspekta Faudhia.

"Nirudie mara ngapi? Mimi si redio." Mwalimu Honoratha alifundisha ufundi wa vyuma kwenye chuo kimoja cha Tarime mjini, na uvumilivu wake wote aliubakiza kwa wanafunzi. Alielekeza kidole kwenye jiliwa, kibano cha chuma kilichofungwa ukingoni mwa meza. "Jana jioni niliikaza hapa, kwa nguvu ile ile ambayo fundi yeyote angeitumia. Nikafunga karakana nikaenda kupika. Asubuhi nafungua mlango, kichwa cha bolti kiko chini ya meza. Na ufunguo ninao mimi peke yangu."

Faudhia aliinama akakiokota. Kwa juu kilikuwa kimechovywa kromu iking'aa, ungeweza kujitazama ukafunga kilemba. Kwa chini, pale kilipokatika, kilikuwa cha kijivu na kikavu, chenye chengachenga kama za chumvi ya mawe.

"Huu ni uchawi, afande," alisema Koplo Anselm, dereva wake, mzaliwa wa huko huko Mara.

"Peleka uchawi wako mahakamani uone kama hakimu atakupa kiti. Mwalimu, endelea."

Bolti hiyo, ambayo Faudhia alimletea mwalimu aijaribu, ilikuwa ndugu wa zile nne zilizomuua Brayan. Kijana huyo alikuwa akiteremka mlima wa Ringwani Jumapili, akashika breki, na usukani ukamchomokea mikononi. Pikipiki ikaenda kwake, yeye akaenda kwake, na kichwa chake kikakutana na kalavati. Bolti zote za kushikilia usukani zilikuwa zimekatika. Pikipiki yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake mkubwa, Waitara, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye sauti kubwa na marafiki wengi wenye mapanga.

Tangu mazishi, ukoo mzima ulikuwa na jina moja mdomoni: Danford, fundi wa pikipiki aliyezifunga bolti hizo. Polisi walimkamata, mahakama ikampa dhamana, akarudi nyumbani kwake Mbalibali kwa mke na watoto. Kila mtu alimshauri akimbie. Alikataa. Alisema anayekimbia amekiri. Naye Waitara akasimama mbele ya kaburi la mdogo wake, akaapa kwamba siku matanga yakianuliwa, Danford na nyumba yake wataondoka duniani kwa moto mmoja.

Matanga yalikuwa yanaanuliwa leo.

Ndiyo maana Faudhia hakuwa na muda wa kunywa hata chai aliyokaribishwa. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Kondoa, aliyepangiwa kazi kituo cha Mugumu, Serengeti, na watu wengi wakubwa kwa umbo walishajuta kumdharau. Ukoo wa mtu haukumtisha. Kilichomtisha ni kufika mahali akakuta majivu.

"Danford angezikaza kupita kiasi," aliuliza, "zingekatika hivi?"

"Thubutu!" Honoratha alitupa mezani bolti nyingine, ya kawaida, isiyochovywa. Shingo ya bolti hiyo ilikuwa imekonda, imevutika vibaya. "Hii niliizidishia kwa makusudi, nikaongeza bomba kwenye spana. Chuma kikizidiwa huwa kinavutika kwanza, kinakonda, ndipo kinaachia. Sasa tazama yako. Imekonda?"

"Haijakonda."

"Basi fundi wako mwondoe hapo. Hii ilishakufa kabla haijafika mkononi kwake. Na aliyeiua ni aliyeichovya."

Anselm alicheka kidogo, halafu akaacha alipoona hakuna anayecheka naye.

"Sikilizeni," alisema Honoratha. "Ili chuma king'ae, unakiosha kwanza kwenye tindikali. Kisha unakitumbukiza kwenye dawa, unapitisha umeme, na ile kromu inashika juu yake. Vizuri. Lakini humo humo inatoka gesi, haidrojeni. Nyingine inapanda na mapovu inapotea. Nyingine inaingia ndani ya chuma, inakaa. Chuma laini hakina shida nayo. Tatizo ni hizi." Aligeuza kichwa cha bolti, akaonyesha namba iliyogongwa juu yake. "Kumi na mbili nukta tisa. Ngumu kuliko zote utakazopata dukani. Na hizi ngumu ndizo zinazoumia. Ukishazikaza, ile gesi inakusanyika pale chuma kilipovutwa, inapasua taratibu, huoni, husikii. Leo unaendesha, kesho unaendesha. Siku yake ikifika, zinaachia zote."

Faudhia alikumbuka maelezo ya Danford kituoni, yale ambayo hakuna aliyeyajali. Msimu wa tohara ulikuwa unakaribia, na huku kwao kijana mwenye pikipiki isiyong'aa hatangulizwi kwenye msafara wa kuwasindikiza waliotahiriwa. Waitara alitaka yake ing'ae hadi bolti. Danford alimpa bolti za kawaida, Waitara akazitupa chini. Akaleta zake, alizozitoa kwenye chuma chakavu cha mitambo ya mgodini, akasema, "Mimi nataka ngumu kuliko zote." Akazipeleka mwenyewe zikachovywe. Maskini, alikuwa anatafuta usalama.

"Kwa hiyo bolti ngumu haichovywi kabisa?" aliuliza Faudhia.

"Inachovywa, ila lazima uioke. Ikitoka tu kwenye dawa, ndani ya saa chache, unaitia kwenye tanuri. Joto la kuokea mkate linatosha, ila ikae humo muda mrefu mpaka gesi itoke. Hilo mchovyaji yeyote aliyefundishwa analijua kabla hajajua jina la mwalimu wake."

"Na Tarime mchovyaji aliyefundishwa ni nani?"

"Ni mmoja tu. Mzee Filemoni. Kazi yake ni safi, mimi mwenyewe nampelekea vitu." Honoratha alikunja uso. "Ndiyo maana sielewi."

Bolti mbili zilikuwa zimebaki, zile ambazo Danford hakuzitumia. Faudhia alizitia mfukoni akatoka.

*

Ndani ya gari, Anselm alisubiri mpaka walipoingia barabara kubwa ndipo akasema.

"Afande, lile swali lako la jana. Nani alikuwa wa kwanza kumtaja Danford."

"Umepata?"

"Nimewauliza waliokuwa msibani. Huyu anasema kasikia kwa yule, yule kwa mwingine. Nimekwenda nao hivyo hivyo mpaka mwisho." Alibadilisha gia. "Ni mzee Filemoni. Alikuja msibani na sukari yake, akakaa karibu kabisa na Waitara. Akamwambia, 'Bolti zangu hazikatiki. Ulizia mkono uliozikaza.' Basi. Akanywa uji, akaaga."

Faudhia alihisi hasira ikimpanda taratibu. Mtu aliyekosea kazi hujificha, au hulia, au hupigana na wateja wake. Huyu alikuwa amesafiri kutoka Tarime hadi msibani Ringwani kwenda kumtafutia mwenzake kifo, akiwa na kilo mbili za sukari.

"Simama pale kwenye mkate," alisema.

"Kwa Filemoni ni mlango unaofuata, afande."

"Nimeona. Nimesema kwenye mkate."

Tanuri la mkate lilikuwa la mama Salome, mwanamke mnene mwenye mikono ya unga hadi kwenye viwiko. Nyumba yake na karakana ya Filemoni ziligawana ukuta mmoja. Faudhia alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba mwanangu," akapewa kigoda, na mkate wa moto akaukataa kwa shida.

"Mzee Filemoni anatumia tanuri lako, mama?"

"Miaka yote! Nikishatoa mikate yangu, na yeye analeta chuma zake. Wateja wananicheka, wananiuliza leo una bolti za siagi?" Alicheka mwenyewe. "Hana mchezo na jambo hilo. Hata kama ni usiku, akichovya lazima aoke. Nikimwambia Filemoni, moto umepoa, mwache mteja achukue hivyo hivyo, ananijibu, 'Salome, unataka niue watu?'"

Faudhia hakuonyesha kitu usoni. "Na Ijumaa?"

"Ijumaa hachovyi."

"Kwa nini?"

"Sasa si kwa sababu yangu! Mimi ni Msabato. Ijumaa mchana naacha moto ufe, jua likizama mimi sina kazi tena mpaka Jumamosi jua lizame. Tanuri limekufa, yeye ataoka wapi? Tarime nzima inajua Ijumaa kwa Filemoni hakuna kuchovya. Aje tajiri, aje nani, anarudishwa."

"Hajawahi kuvunja?"

Mama Salome alianza kusema hapana, akaacha mdomo wazi. Alijipangusa mikono kwenye kanga, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Mara moja," alisema. "Juzi juzi. Yule Waitara alikuja Ijumaa na bolti mkononi, anataka azichukue Jumamosi asubuhi. Mimi niko hapa nafagia majivu, nikasema moyoni, huyu sasa atafukuzwa kwa matusi. Maana si huyu ndiye aliyemgonga Gati?"

"Gati ni nani, mama?"

"Binti wa Filemoni. Alikuwa na huyo tu, mama yake alishafariki." Sauti ya mama Salome ilishuka. "Waitara, akiwa amelewa hajijui, alimgonga na gari jioni, binti anatoka shuleni kufundisha. Hakusimama. Watu waliona, lakini kesi ilipofika, mashahidi wakaanza kusahau mmoja mmoja. Waliwekewa panga shingoni, kila mtu anajua. Faili likafungwa. Ukoo wake ukaleta ng'ombe wa kufuta machozi, Filemoni akawafungulia zizi wakarudi wenyewe kwao."

Anselm alitazama chini. Alikuwa anazijua habari za namna hiyo vizuri mno.

"Basi siku hiyo nasubiri matusi," aliendelea mama Salome, "nasikia Filemoni anamwambia, 'Karibu, mura, kijana wangu. Leta.' Kwa upole kabisa, utadhani anaongea na mwanawe. Akazichovya. Waitara alipoondoka nikamfuata, nikamuuliza, 'Filemoni, tanuri limezimwa, hizi utaziokea wapi?' Akaniambia, 'Hizi haziokwi.'"

"Alisema hivyo hivyo? Hizi haziokwi?"

"Hivyo hivyo. Mimi nikajua labda ni za aina nyingine. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema mwenzangu amesamehe. Kesho yake nimekwenda kanisani naimba njia nzima." Alianza kulia, machozi yakachora mistari kwenye unga wa mashavuni. "Kumbe alikuwa anafanya nini, eeh? Alikuwa anafanya nini yule mzee?"

Faudhia alimshika mkono, akamwomba aje kituoni kuandikisha maelezo. Halafu akazunguka ukuta.

*

Mzee Filemoni alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyobabuliwa na tindikali miaka mingi. Aliinua macho kutoka kwenye pipa la dawa, akaziona sare, akarudisha macho kwenye pipa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kiti kiko pale."

"Nitasimama. Mzee, ni wewe uliyemwambia Waitara kwamba bolti zako hazikatiki?"

"Ni mimi. Uliza mji mzima."

"Nimeshauliza." Faudhia alitoa zile bolti mbili akaziweka mezani. Zilibingirika kidogo zikatulia. "Hizi unazijua?"

Filemoni alizitazama bila kuzigusa. "Ni kazi yangu."

"Nzuri. Pikipiki ile mlangoni ni yako?"

"Ni yangu."

"Anselm, toa bolti mbili za mbele kwenye usukani wa pikipiki ya mzee. Weka hizi. Kaza vizuri." Faudhia alivuta kigoda, sasa akaketi. "Tutakunywa chai hapa, mzee, tutapiga stori mpaka kesho. Kesho utapanda pikipiki yako, tutakufuata nyuma na gari, mpaka Ringwani. Ule mteremko unaujua. Ukifika chini salama, mimi nitakuomba radhi mbele ya watu, na Danford nitamrudisha ndani mwenyewe."

Anselm alichukua spana mezani. Alifungua bolti ya kwanza, akaiweka ile inayong'aa, akaanza kukaza. Chuma kililia kidogo. Akachukua ya pili.

"Acha," alisema Filemoni.

"Kwa nini aache?" aliuliza Faudhia. "Si bolti zako hazikatiki?"

"Nimesema acha, mura! Sipandi."

"Mzee," alisema Faudhia, na sasa alikuwa amesimama, "nakuonya kwamba unatuhumiwa kwa mauaji ya Brayan. Si lazima useme neno lolote, na lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Umefundishwa vizuri." Filemoni alivua aproni yake ya ngozi, akaikunja mara mbili. "Sikumtaka yule mtoto. Brayan hakunikosea kitu. Nilipoambiwa kaka yake alimwazima pikipiki siku hiyo, nilikaa chini pale pale kwenye majivu ya Salome. Nilikaa sana."

"Halafu ukanyanyuka ukabeba sukari."

"Halafu nikanyanyuka, ndiyo!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Ulitaka nifanye nini? Nimekosa shabaha, basi niseme pole, nirudi kuchovya vijiko vya watu? Yule aliyemponda mwanangu akamwacha barabarani, yeye anakula, analala, anatafuta pikipiki ing'ae! Anakuja kwangu! Ananiita tata, yaani baba! Anasimama pale ulipo, ananiambia, 'Tata, nichovyee haraka,' wala hanikumbuki. Hanikumbuki, afande. Nilimwangalia machoni nikaona kabisa huyu hajui mimi ni nani."

Faudhia, ambaye alikuwa na kiu ya kumkasirikia, aligundua anamwonea huruma, na jambo hilo likamkera zaidi.

"Na Danford?" aliuliza. "Danford alikupondea nani?"

"Danford hajanikosea."

"Ana mke ndani ya nyumba ile. Ana watoto."

"Najua." Mzee alimtazama moja kwa moja, na hapo ndipo Faudhia alipoelewa mpango wote. "Mimi sikumpeleka Waitara akaue. Nilimwonyesha mlango tu. Akiua leo, ataua mbele ya kijiji kizima, na kiapo alikula mwenyewe kaburini. Safari hii mashahidi watakuwa wengi mno, hawezi kuwatisha wote. Ninyi mlishindwa kumfunga kwa Gati. Mtamfunga kwa Danford. Atanyongwa, afande. Mimi nikinyongwa naye ni sawa tu." Alitazama jua lililokuwa likiingia mlangoni. "Na nikikuangalia hapa, naona umechelewa. Matanga huwa yanaanuliwa mapema."

Faudhia alimfunga pingu mwenyewe. Alimkabidhi kwa askari wa Tarime, akaagiza awekwe peke yake na asiongee na mtu, na kabla sentensi haijaisha alikuwa ameshaingia garini.

*

Alipiga simu kituoni kwake, Mugumu. Gari la kituo lilikuwa limeondoka alfajiri kufuata ng'ombe walioibwa, lisingerudi mapema. Alimpigia mwenyekiti wa kijiji, Mbalibali. Mwenyekiti alisema ameweka mgambo wawili kwa Danford. Alipopiga mara ya pili, mwenyekiti alisema mgambo wameondoka kwenda kunywa maji. Alipopiga mara ya tatu hakupokea.

"Kunywa maji!" alifoka Faudhia. "Wote wawili wana kiu moja! Kanyaga mafuta, Anselm."

Anselm alikanyaga. Walivuka Mto Mara, wakaacha vumbi juu ya mashamba ya mahindi, wakakata kona moja kwa namna ambayo Faudhia alisoma dua kwa sauti na Anselm akapiga ishara ya msalaba bila kuachia usukani.

Watu waliwaona kwa mbali. Walikuwa wameizunguka nyumba ya Danford, wanaume peke yao, wengine bado na nguo za msibani. Harufu ya petroli iliwafikia kabla hata hawajafungua milango. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa ndani, na mtoto mmoja alikuwa analia humo, anatulizwa, analia tena. Waitara alisimama mbele, panga mkono mmoja, kibiriti mkono wa pili. Bati na ukuta chini ya dirisha vilikuwa vimelowa.

Faudhia alipita katikati yao. Hakukimbia, maana watu wenye hasira wakiona mtu anakimbia nao hukimbia. Alienda kusimama na mgongo wake kwenye mlango, sketi yake ya kazi ikigusa ukuta ule uliolowa.

"Ondoka, afande," alisema Waitara. "Sina ugomvi na mwanamke wala na serikali."

"Danford hakumuua mdogo wako."

"Nani alizifunga zile bolti? Mimi?"

"Alizifunga vizuri. Zilikuwa zimeshaharibiwa kabla hajazishika. Zilichovywa Ijumaa, siku tanuri limezimwa, hazikuokwa, na aliyezichovya alijua zitakatika. Ameshakubali. Tumemfunga pingu."

Minong'ono ilipita. Waitara aliteremsha panga kidogo.

"Filemoni?" alisema. "Mzee Filemoni? Alikuja msibani! Alikaa karibu yangu, akanishika bega. Brayan alimkosea nini?"

"Hakumkosea kitu." Faudhia alipandisha sauti ili hata wa nyuma wasikie. "Hakumtaka Brayan. Bolti zililetwa na nani, Waitara? Pikipiki ilikuwa ya nani? Nani alitakiwa kuipanda Jumapili ile?"

Kibiriti kilikuwa bado mkononi mwa Waitara.

"Filemoni ni baba yake Gati," alisema Faudhia. "Yule mwalimu. Umemsahau na yeye?"

Wanaume wale hawakuwa wamemsahau. Ilionekana kwa jinsi walivyoangalia pembeni, mmoja baada ya mwingine, na jinsi wale wa mbele walivyorudi nyuma nusu hatua wakimwacha Waitara peke yake kwenye uwanja. Mzee mmoja wa ukoo alitema mate chini, akafuta kwa kiatu. Waitara aliwatazama wote. Uso wake ulikuwa umekwisha damu.

"Ningepanda mimi," alisema. "Aliniomba niende naye, nikamwambia nimechoka. Nikampa funguo."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti mbaya, kama ng'ombe aliyenasa kwenye tope, na hakuna aliyemsogelea. Alipomaliza alijipangusa kwa mkono wenye panga, na macho yake yalikuwa na kitu kipya ndani yake ambacho Faudhia hakukipenda hata kidogo.

"Yuko wapi?"

"Yuko mikononi mwa polisi."

"Mahabusu."

"Ndiyo, mahabusu."

Waitara alifikiri. Halafu akalitupa panga miguuni kwa Faudhia, akatupa na kibiriti, akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Basi nifunge na mimi."

"Kwa kosa gani?" aliuliza Faudhia. Anselm alikuwa ameshafika nyuma yake, pingu mkononi.

"Gati nilimgonga mimi!" Waitara alipiga kelele, mishipa ikimtoka shingoni. "Mimi, nimelewa, nikamwona anaanguka, sikusimama! Mashahidi niliwatisha mimi. Huyu alikuwepo, na yule pale alishika panga. Waulize! Andika yote, nitaweka dole gumba. Nipeleke mahabusu leo leo, uniweke chumba kimoja na yule mzee. Chumba kimoja tu, afande. Mengine niachie mimi."

Waliotajwa walikuwa wanatafuta pa kupitia.

Faudhia alimpa Waitara onyo lile lile alilompa Filemoni, neno kwa neno, na Waitara akaitikia kila neno kwa haraka kama mtu anayeogopa gari litamwacha. Akamtaka arudie habari ya Gati mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ambaye sasa alikuwa amejitokeza, naye akairudia yote, hadi jina la baa na rangi ya gauni alilokuwa amevaa yule binti. Pingu zikafungwa. Anselm akazijaribu, zilikuwa zimekaza. Akamwingiza nyuma ya gari, akafunga mlango.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguliwa kidogo, na Danford akachungulia akiwa amembeba mtoto, miguu yote miwili ya suruali ikiwa imelowa petroli iliyopita chini ya mlango. Alianza kusema asante. Faudhia alimwambia amwagie maji ukuta kwanza.

"Twende basi!" Waitara aligonga dirisha la gari kwa pingu. "Afande, twende! Tarime ni mbali."

Faudhia aliingia kiti cha mbele, akafunga mkanda, akageuka nyuma kumtazama.

"Filemoni yuko Tarime," alisema. "Wewe utalala Mugumu."